Taa ya Kijani Inayopepesa

Simu iliita wakati Mama Breki akimfundisha fundi cherehani mmoja kuachia klachi polepole. Jina hilo la utani alipewa na wanafunzi wake wa udereva, kwa sababu ya pedeli ya pili ya breki iliyofungwa upande wa abiria, pale anapokaa yeye. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeizoea pedeli hiyo kiasi kwamba hata nyumbani, akiwa ameketi kwenye kochi lake, mtu akikatiza sebuleni bila kutazama, mguu ulikanyaga sakafu wenyewe.

"Mama," ilisema sauti ya mkwewe, mume wa binti yake. "Tumepata ajali. Njoo hospitali ya wilaya."

"Mwanangu yu hai?"

"Yu hai. Ameumia mguu na mbavu."

"Na wewe je?"

"Mimi sina kitu."

Akamwambia fundi cherehani ahamie kiti cha nyuma, akashika usukani mwenyewe. Njia nzima hakusikia honi wala kelele za watu, alisikia maneno hayo matatu tu. Mimi sina kitu.

Binti yake, waliyezoea kumwita Chiriku kwa sababu tangu utotoni mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa amelala chali wodini, mguu wa kulia umefungwa plasta hadi juu ya goti. Alimtazama mama yake, machozi yakamlengalenga, asiseme neno. Mama Breki alimpapasa nywele, akamwuliza ilikuwaje.

"Sijui, mama. Nilikuwa natafuta miwani kwenye mkoba. Nikasikia kishindo."

"Mlikuwa mnagombana?"

Chiriku akageuza uso ukutani. "Nimechoka, mama."

Mkwe alikuwa amesimama dirishani, shati lake safi, hata kifungo kimoja hakikung'oka. Alikuwa fundi wa lifti, mtu mrefu wa maneno machache, aliyehamishiwa mji huu na kampuni yake kutoka mkoa wa ng'ambo ya mto. Yeye na mkewe walikuwa hawajamaliza hata mwezi tangu wahamie. Mama Breki alikuwa amemkaribisha kwa mikono miwili, ingawa moyoni alikuwa na jambo dogo: mtu akinyamaza sana, yeye hupata tabu kujua anawaza nini. Siku ile jambo hilo dogo liliota miguu.

Kesho yake asubuhi alikwenda kulitazama gari, lililovutwa mpaka uwanja wa kituo cha polisi. Alilizunguka taratibu, mikono nyuma, kama anavyozunguka gari kabla ya somo. Upande wa kushoto, wa dereva, ulikuwa mzima. Hata vumbi halikufutika. Upande wa kulia, alikokuwa amekaa Chiriku, mlango ulikuwa umeingia ndani kama bati lililopigwa teke.

Katika nchi ile magari hupita mkono wa kulia wa barabara, na usukani uko kushoto. Anayetaka kukata kushoto lazima akatize mbele ya wanaokuja, na akikatiza vibaya, anayepigwa ni abiria wake. Mama Breki alikuwa amelisema hilo kwa wanafunzi wasio na idadi: ukikata kushoto, umembeba mwenzio kifuani kama ngao. Sasa alisimama mbele ya mlango ule, na maneno yake mwenyewe yakamrudia yakiwa na sura nyingine. Mtu anayetaka kumdhuru mkewe huku yeye akitoka bila mkwaruzo, asingeweza kuchagua kona nyingine zaidi ya hiyo.

Alilifukuza wazo hilo. Likaenda mlangoni likasimama, halikuondoka.

Ndani ya kituo, sajenti wa trafiki aliwaita wote waliohusika. Aliyekuja kutoka upande wa pili wa makutano alikuwa dereva wa gari la mikate, kijana mpole mwenye kovu kidevuni, na Mama Breki alimjua mara moja. Alikuwa mwanafunzi wake.

"Mwalimu!" kijana akasema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Afadhali umekuja. Wewe unanijua."

Mkwe aliona mikono ile ikishikana, akakunja uso.

"Haya, eleza," sajenti akamwambia.

"Nilifika makutano ya kliniki," mkwe alisema. "Nataka kukata kushoto. Taa yangu ilikuwa ya kijani, inapepesa. Nikageuka. Huyu bwana akaja na mwendo wake, kavunja nyekundu, akatupiga."

"Nyekundu?" Dereva wa mikate aliruka kitini. "Nyekundu ipi? Mimi nilikuwa na kijani!"

"Haiwezekani uwe na kijani. Nimekwambia yangu ilikuwa inapepesa."

Sajenti hakuinua hata macho. Kwa watu wa mji ule, kusema taa ya kliniki ilikuwa inapepesa ni kama kusema lami ni nyeusi. Kijani ya pale siku zote huwaka na kuzima, kuwaambia madereva kwamba kuna kitufe cha waenda kwa miguu na wakati wowote mgonjwa anaweza kukibonyeza avuke. Mama Breki naye aliona mkwewe anababaika, anatafuta neno lolote la kujifunika. Na yule kijana wa mikate, je? Vijana wa mikate wana haraka. Akamgeukia.

"Una hakika ulikuwa na kijani?"

Kijana alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na dada yake. "Nina hakika, Mwalimu."

Sajenti akasema leseni zote mbili zitakaa mezani kwake mpaka uchunguzi uishe. Mwenye tanuri la mikate, aliposikia gari lake liko polisi na dereva wake anatuhumiwa kuvunja taa, alimwambia kijana akae nyumbani kwanza.

*

Chiriku aliporuhusiwa kutoka hospitali, yeye na mumewe walihamia kwa Mama Breki, kwa kuwa nyumba yao ilikuwa ghorofani na mguu ule haukuweza ngazi. Ndipo shaka ilipopata chumba chake humo ndani, ikala nao na kulala nao.

Kila kitu mkwe alichofanya kilikuwa na sura mbili. Akimpikia mkewe uji, Mama Breki aliuonja kwanza jikoni, kisha akajionea haya, na siku iliyofuata akauonja tena. Akinyamaza, anaficha. Akisema, anatunga. Simu yake ikilia, hutoka nje kuipokea. Kazi yake humalizika alasiri, lakini nyumbani hufika jua limekwisha kushuka. Akiulizwa, hujibu, "Nilipita dukani," na mkononi hana hata kibiriti.

Ukuta kati ya chumba chao na chake ulikuwa mwembamba. Jioni moja alisikia mkwewe akisema kwa sauti ya chini, "Mama yako yuko upande wao. Hukuona walivyoshikana mikono? Ni mwanafunzi wake yule. Atamlinda ili shule yake isichafuke jina."

Hakusikia jibu la Chiriku. Alisubiri, sikio karibu na ukuta, akitamani mwanawe amtetee. Chiriku alinyamaza.

Siku chache baadaye, wakiwa mezani, mkwe aliweka kijiko chini. "Mama, nilikuwa nafikiri. Labda mke wangu akapumzike kwa mama yangu, kule kwetu, mpaka apone. Mama alikuwa mkunga, anajua kumhudumia mgonjwa. Hapa wewe una kazi."

Mama Breki alirudisha tonge sahanini. Ng'ambo ya mto! Mbali naye, kwa watu wasiomjua, mguu haujaunga.

"Haendi mahali," alisema.

"Ni mke wangu, mama."

"Na mimi nimemzaa. Haendi."

Chiriku aliwatazama kwa zamu, akashika tama. Hakuna aliyemwuliza yeye anataka nini.

Kesho yake alasiri Mama Breki aliahirisha somo, akaegesha gari la shule mbele ya jengo refu alikokuwa akifanya kazi mkwewe. Alipotoka, akamfuata polepole. Alikuwa amekata shauri: kama kuna mwanamke, atamwona kwa macho yake, kama kuna njama, ataijua leo. Alikuwa na hakika haonekani, mpaka mwenda kwa miguu mmoja alipompungia mkono na kucheka, ndipo akakumbuka kwamba juu ya paa la gari kuna kibao kikubwa chekundu cha shule ya udereva. Hakukuwa na jinsi. Akaendelea hivyo hivyo.

Mkwe hakwenda dukani. Alitembea moja kwa moja hadi makutano ya kliniki, akasimama kando ya nguzo ya taa, akatoa simu, akaielekeza barabarani. Akatulia hapo. Magari yakaja, yakapita. Naye akawa anarekodi na kutikisa kichwa, na mara moja alicheka peke yake, kicheko kikavu kisicho na furaha.

Mama Breki akashuka. Alivuka mpaka alipo, akasimama nyuma yake.

"Hili ndilo duka?"

Mkwe aliruka, simu nusura imdondoke. Alimtazama yeye, akatazama gari lenye kibao, akaelewa. Uso ukamwiva kwa hasira.

"Unanifuata, mama?"

"Nakufuata. Unafanya nini hapa?"

"Natafuta ushahidi, kwa sababu katika nyumba yako hakuna anayeniamini." Akamsukumia simu usoni. "Tazama! Siku zote hizi nawarekodi. Watu wa mji wenu hawana adabu kabisa. Taa inapepesa huku, na wale wa mbele wanakuja tu! Mmoja baada ya mwingine! Wote wanavunja nyekundu!"

"Nyekundu ipi?"

"Yao!"

"Umeiona?"

"Ya nini niione? Kijani ikipepesa huku, kule ni nyekundu. Hata mtoto anajua hilo."

"Mtoto wa wapi?" Mama Breki aliuliza.

Hakumngoja ajibu. Alimshika mkono wa shati, akabonyeza kitufe, wakavuka hadi upande wa pili, kule alikotokea dereva wa mikate. Akamgeuza atazame juu.

Taa ya upande ule ilikuwa imesharudi kijani. Nayo ilikuwa inapepesa.

Mkwe aliitazama. Akageuka akaitazama ile ya upande wake, ng'ambo ya barabara. Zote mbili zilikuwa zikiwaka na kuzima. Lori likapita mbele yao kwa ujasiri wote, na nyuma yake basi la shule, na baada ya basi teksi.

"Kwa hiyo wote wanayo," alisema kwa sauti ya mtu anayeongea usingizini. "Kwa wakati mmoja."

"Wote. Hapa anayekata kushoto husubiri wanaokuja waishe. Akipewa ruhusa ya peke yake, hupewa mshale. Hapa hakuna mshale."

"Kwetu hakuna mishale," mkwe alisema. "Kwetu kijani ikipepesa, maana yake wa mbele wamezuiwa. Kata kushoto, barabara ni yako." Akakaa chini ukingoni mwa barabara, miguu yake mirefu imekunjika, simu imemlalia mapajani. "Basi hakuvunja chochote yule bwana. Ni mimi. Mimi ndiye niliyempeleka mke wangu mbele ya gari."

Akafunika uso kwa viganja.

Mama Breki alisimama akimtazama. Mtu mwingine angemwinamia. Yeye alikuwa ameketi pembeni mwa wanafunzi wengi mno. Alikuwa amewaona wanaojua kulia wanapoangusha kibao cha mtihani, wenye kisa tayari mdomoni kabla injini haijazima. Nchi moja, serikali moja, halafu taa ile ile iseme mambo mawili? Hilo hakuwahi kulisikia. Na huyu mtu alikuwa na muda wa kutosha wa kukaa hapa kila siku na kulipika.

"Nyanyuka," alisema. "Twende nyumbani."



*

Asubuhi aliaga kwamba anakwenda kumsalimu mama wa mkwewe. Ukweli ni kwamba alikwenda kupeleleza. Alitaka kujua kama kijana yule aliwahi kuwa na mke mwingine, kama ana mkono mwepesi wa kupiga, kama alipata kuumiza mtu. Ya taa angeyaona mwenyewe. Alipanda basi kubwa la asubuhi, akavuka daraja refu la mto, na alipofika stendi ya mji wa pili alimkuta mwenyeji wake akimsubiri kando ya gari dogo la rangi ya maziwa.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mkunga mstaafu mwenye sauti ya kuamrisha. "Karibu, mkwe wangu! Ingia, ingia. Mkanda huo unakwama, uvute kwa hasira."

Aliendesha kama anavyosema, bila kupumzika. Aliuliza habari za mgonjwa, akajijibu, akalalamikia vumbi, akamwonyesha hospitali aliyofanyia kazi. Mama Breki aliketi upande wa kulia, akiitikia, akitafuta upenyo wa kumchimba.

Wakafika kwenye makutano makubwa. Taa ilikuwa nyekundu, ikageuka kijani, na kijani ile ikaanza kupepesa. Mbele yao, upande wa pili, lori la mchanga lilikuwa linakuja. Mkunga, katikati ya habari za jirani yake anayefuga bata, alizungusha usukani kushoto bila hata kutupa jicho, akakatiza mbele ya lori.

Mama Breki alipiga ukelele. Mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu kwa nguvu zote, ukatafuta pedeli, ukakuta zulia tupu.

Hakuna kilichotokea. Lori lilikuwa limesimama kwenye mstari wake, dereva anakuna sikio. Gari dogo likamaliza kona, likaendelea.

"Una nini wewe?" mkunga alishtuka. "Unakanyaga nini huko chini?"

"Lile lori!"

"Lori limesimama. Si umeona taa inapepesa?"

Mama Breki aliweka mkono kifuani. "Geuza," alisema. "Tafadhali, mkwe. Geuza turudi pale."

Mkunga alimtazama kwa jicho la pembeni, lakini akageuza. Wakarudi, wakasubiri, wakakata tena. Kisha Mama Breki akaomba wapite kwa upande wa lori, na huko akaona kwa macho yake: wakati kule kunapepesa, huku ni nyekundu tupu, na magari yametulia kama yamefungwa kamba. Akaomba tena. Walizunguka makutano yale mpaka taa ya mafuta ikaanza kuwaka, na mwuza magazeti wa pale akaanza kuwacheka.

Mwishowe mkunga akaegesha pembeni, akazima injini. "Sasa sema. Wewe hukuja kunisalimu."

Mama Breki alikuwa na uongo wa kutosha, aliouandaa ndani ya basi, lakini wote ulimkimbia.

"Nilikuja kuuliza kama mwanao ni mtu wa kuua."

Mkunga alishika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele.

"Tangu lini unamdhania hivyo?"

"Tangu siku nilipoliona gari."

"Na umekuwa ukila naye meza moja."

"Ndiyo."

"Mimi nami nitakwambia," mkunga alisema, sauti imeshuka. "Mwanangu hunipigia simu akiwa nje, ili msimsikie. Ananililia. Nikamwambia, huyo mama anamficha mwanafunzi wake, mlete mke wako huku kabla hawajamgeuza moyo. Ni mimi niliyempa wazo hilo. Nilikuwa nakuona wewe ni nyoka, mkwe. Leo nilikuwa nimepanga kukupa chai kwanza, halafu nikuulize mnakula njama gani na yule wa mikate."

Walitazamana. Hakuna aliyecheka.

"Ungeniuliza," Mama Breki alisema.

"Nawe ungemwuliza yeye."

Chai walikunywa, lakini ilikuwa chai ya watu wawili wanaochungana kwa adabu.

*

Aliporudi, Mama Breki hakuvua hata viatu. Alimkuta mkwewe uani akifua mashuka ya mgonjwa.

"Nimeiona taa yenu," alisema. "Nimeamini."

"Ulikwenda kutazama taa?"

"Nilikwenda kukutazama wewe. Taa nimeikuta njiani."

Mkwe alikamua shuka, akalitundika, akalinyoosha pembe zake. "Haibadilishi kitu, mama. Aliyegeuza usukani ni mimi, na nimemsingizia mtu."

Wakafuatana kwa sajenti. Mkwe alieleza yote, akafuta maneno yake ya kwanza. Sajenti alisikiliza, akakuna kichwa, akakiri kwamba hata yeye hajawahi kuendesha ng'ambo ya mto. Halafu akasema barabara ya hapa ina sheria ya hapa, na leseni ya mkwe itabaki mezani mpaka atakapofanya mtihani upya. Ya kijana wa mikate akampa Mama Breki ampelekee.

Kabla ya kumpelekea walipita kwenye tanuri. Mwenye tanuri, mtu mwenye unga hadi kwenye nyusi, aliwasikiliza akiwa amesimama kati ya trei za mikate ya moto.

"Kwa hiyo kijana wangu alisema kweli."

"Alisema kweli," mkwe akajibu. "Mimi ndiye niliyekosea."

"Mwambieni aje kesho. Ila gari nimeshampa mwingine. Ataanzia kupakia, mpaka lingine litengenezwe."

Hiyo ndiyo habari waliyobeba. Dereva wa mikate aliishi katika nyumba yenye geti la bati, na alilifungua nusu tu, akasimama katikati ya uwazi. Mkwe aliongea bila kuzunguka. "Mimi nilikuwa na kosa," alisema, "nikakutupia wewe. Naomba unisamehe." Kijana alimsikiliza hadi mwisho.

"Wewe sikukasirikia sana," alisema. "Wewe hunijui. Mtu asiyekujua anaweza kukudhania lolote." Akamgeukia Mama Breki. "Lakini wewe, Mwalimu. Uliniketisha miezi kwenye gari lako. Unajua ninavyoendesha. Ukaniuliza mbele ya askari kama nina hakika."

Mama Breki alimpa leseni yake. Alikuwa na maneno, mengi, na kila moja alilolishika lilikuwa jepesi mno.

"Nilikushuku," alisema hatimaye. "Niliwashuku wote. Nisamehe, baba."

"Nimesikia," kijana alisema. Hakusema amesamehe. Akafunga geti taratibu, bila kulibamiza, na hilo lilimuuma kuliko kama angelibamiza.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mwendo wake. Kijana alirudi kazini, akapakia mikate muda mrefu kuliko alivyoahidiwa, mwishowe akapewa gari. Akipishana na Mama Breki barabarani humpa taa, salamu ya madereva, lakini hasimami. Mama Breki alikwenda ofisi ya barabara ya mkoa kuomba pale kliniki pawekwe kibao cha kuwaonya wageni, akaambiwa watalitazama. Yeye mwenyewe aliongeza somo moja kwa wanafunzi wake, kuhusu mikoa mingine na taa zake, na fundi cherehani alimwuliza kwa nini anawatisha. Mkwe alipotaka kujiandaa na mtihani, alijiandikisha shule nyingine ya udereva, upande wa pili wa mji. Hakuna aliyemlaumu.

Siku Chiriku alipofunguliwa plasta, mama na mwana walikaa peke yao chumbani, Mama Breki akimkanda kwa maji ya uvuguvugu mguu uliokuwa umesinyaa. Mdomo wa Chiriku ulikuwa umeanza kurudia hali yake. Alikuwa ameongea tangu asubuhi. Ghafla akanyamaza.

"Mama. Kweli ulidhani angeweza kuniua?"

Mama Breki aliendelea kukanda. Angeweza kusema hapana, hasira tu.

"Ndiyo," alisema. "Nilidhani."

Chiriku alitazama mlangoni. Kutoka uani walisikia ndoo ikiwekwa chini na mkwe akijipigia mluzi.

"Tulikuwa tumegombana asubuhi ile," Chiriku alisema kwa sauti ndogo. "Jambo la kipuuzi. Ndani ya gari hakuna aliyekuwa akimsemesha mwenzake. Halafu akageuka tu, mama, mbele ya lile gari, uso mkavu, kama mtu aliyekusudia."

Mikono ya Mama Breki ikasimama.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemwua." Chiriku alivuta pumzi. "Kule wodini, kila akinishika mkono nilikuwa najifanya nimelala. Nilikuwa namwogopa. Mpaka siku aliporudi kutoka makutano na wewe, akapiga magoti pale nilipolala akaniambia, ni mimi niliyekosea, taa hazifanani."

"Anajua kwamba nawe ulimshuku?"

"Hajui."

Mluzi ukakatika. Hatua zikaja, mlango ukasukumwa kwa bega, mkwe akaingia na ndoo ya maji ya moto, akauliza aiweke wapi.

"Hapo, karibu na mama," Chiriku alisema, akamtolea mumewe tabasamu. Na mkwe alipoinama kuweka ndoo, akamshika mkono, akaushikilia.